Huyo Farasi Unamwonea Huruma Atakumaliza

Juzi tulikuwa Ngong Racecourse na mabeshte, na kwa mbio moja farasi fulani akafungiwa njia vibaya sana. Mbele kuna ukuta wa makalio, kando kuna reli, joki amemshikilia tu hana pa kupita. Alimaliza wa nne akiwa bado na nguvu kibao. Beshte yangu akatoa simu, akaandika jina la farasi. Ati akikimbia tena, hiyo ni pesa ya bure.

Nilicheka, lakini si kicheko cha furaha. Hiyo sentensi ndiyo ilikula fee yangu ya semesta ya pili.

Kwa wale hawajawahi kufuatilia haya mambo: hendikapu ni mbio ambapo farasi mzuri anabebeshwa uzito zaidi ndiyo wote wawe na nafasi. Kuna watu kazi yao ni kumpa kila farasi namba. Kule Uingereza wako chini ya British Horseracing Authority, na namba mpya hutoka kila Jumanne. Namba ikipanda moja, uzito unapanda ratili moja, karibu nusu kilo. Ukishinda kwa urahisi, unaongezwa. Ukishindwa, mara nyingi unaachwa hapo ama unapunguzwa. Sasa unaona mchezo uko wapi. Farasi aliyekuwa ashinde akazibwa njia anarudi na uzito wa mtu aliyeshindwa. Kwa mbio ya maili moja, urefu wa farasi mmoja huhesabiwa kama ratili mbili hivi. Akipoteza urefu mara tatu akisubiri mlango ufunguke, ana ratili sita ambazo hajalipia.

Hiyo hesabu ni ya kweli, sibishani nayo. Shida ni kwamba wewe umeona, beshte ameona, mtangazaji amepiga makelele, na kampuni za kubeti zina video ile ile. Siku farasi anarudi, malipo yake yako chini hadi hata akishinda umepata ya soda. Grand National ya 1956, ambayo ni hendikapu, Devon Loch alikuwa anaongoza na amebakisha hatua chache tu. Ghafla akaruka kana kwamba kuna kizuizi, akaanguka kwa tumbo, ESB akapita akashinda. Joki alikuwa Dick Francis, yule baadaye alikuja kuandika riwaya za upelelezi. Farasi mwenyewe alikuwa wa mama ya Malkia Elizabeth. Niambie, nani angekuuzia huyo farasi kwa bei poa baada ya hapo? Bahati mbaya ambayo kila mtu ameilia haina faida tena.

Ile ya kutafuta ni ile haikuonekana. Chukua Chester. Huo uwanja ni kama sahani, kona karibu safari yote, kushoto tu. Kwa mbio fupi, ukianzia geti la nje kabisa unazunguka umbali mrefu kuliko wenzako. Farasi wa hivyo akimaliza wa tano, hakuna mtu anapiga kelele, kwa sababu hakuzibwa na mtu. Amekimbia tu njia ndefu. Ama Ascot kwa ile njia iliyonyooka, farasi wengi wakigawanyika makundi mawili, moja huku na lingine ng'ambo. Upande mmoja ukiwa na kasi, wanamaliza mbele wote. Kuna farasi ameshinda kundi lake kabisa, lakini karatasi inasema wa saba.

Na kasi yenyewe, hapa ndipo wasee wengi hulala. Mbio zikianza pole pole, wale wa mbele wanakuwa hawajachoka wakifika mwisho, na wa nyuma hawezi kuwafikia hata akiwa na mabawa. Usiangalie mshindi. Angalia wa kwanza hadi wa nne walikuwa wapi njiani. Kama watatu walikuwa mbele tangu mwanzo na mmoja ametoka nyuma peke yake, huyo mmoja ndiye wa daftari. Video ukiiona mara ya kwanza hutamwona. Mimi huirudia nikiwa nimezima sauti, maana mtangazaji atakupeleka anakotaka.

Sasa kuna aina moja ya farasi ambayo ilinimaliza, na niliielezwa na saisi mmoja mzee nikiwa nimeshachoma kila kitu. Mimi nilikuwa nimemfuata farasi mmoja wa Uingereza mara tano. Mara ya kwanza alizibwa. Ya pili akazibwa. Ya tatu akapelekwa nje sana, ya nne akazibwa tena, na kila mara mimi naongeza pesa kwa sababu "deni" limekuwa kubwa. Mzee alitazama zile video zote kwa simu yangu, akaniuliza swali moja: huyu huanza saa ngapi? Nikarudi kuangalia geti. Mara tano, wote wametoka, yeye bado anafikiria. Ukitoka wa mwisho kila siku, lazima utakutana na ukuta wa makalio kila siku. Hiyo ilikuwa tabia, na bahati haikuhusika.

Manze, hapo nilinyamaza. Nyumbani nilikuwa nimewaambia nilitoka chuo kwa sababu ya bahati mbaya, siku za mwisho za usajili zilinipita. Zilinipita kweli. Lakini mwaka wa kwanza pia zilikuwa karibu zinipite.

Kwa hivyo sai sheria yangu ni ya kichoyo. Kabla sijaandika jina natazama mbio zake tatu za nyuma, na kama shida ni ile ile, namwacha. Akishapanda namba kabla ya kushinda, namtoa, maana walioweka namba wameniwahi. Na akikimbia mara mbili bila kitu, nafuta bila kumwonea huruma. Kama hujafika 18, hii ni ya kutazama tu, na hata mimi mwaka huu wote ni daftari na peni, sijaweka hata bob.

Jina la yule wa nne wa Ngong sijaandika. Nimeandika la yule wa sita, na beshte hadi leo hajui kwa nini.