Keki ya krimu na jua la Lamu

Ukipokea oda ya keki ya harusi ya ghorofa tatu, usianze kuwaza itapambwa vipi. Jiulize itafika vipi. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari. Keki hubebwa mkononi, au hupanda boti kwenda Faza na Kizingitini, na jua la mchana halina huruma.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu kwa zaidi ya muda wa saa 2. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selisiasi vijidudu huzaana upesi, na kastadi, kwa maziwa na mayai yake, ni karamu yao. Krimu ni vivyo hivyo. Mgeni atakayeharisha usiku hatayakumbuka maua uliyoyachora.

Kwa maoni yangu, safari ya boti ipewe mkate wa mayai, ule wa makaa juu na chini, unaonukia iliki. Hauna cha kuchacha ndani. Krimu ipakwe huko huko karamuni, ikitoka kwenye barafu, wageni wakiwa wameshaketi. Mteja akikataa, mweleze sababu, hata kama utaikosa oda.