Upepo shambani na bando la mkulima: Nani ananufaika na teknolojia mpya ya video?

MKULIMA wa mahindi anayetaka ushauri siku hizi hasubiri bwana shamba apite kijijini. Anachukua simu, anapiga video ya jani lililotobolewa na viwavijeshi vamizi na kuituma. Mfanyabiashara wa mifugo naye humwonyesha mteja wa mjini ng'ombe kabla ya kukubaliana bei. Video imekuwa zana ya kazi, na kama zana nyingine yoyote, ina gharama zake. Hapa gharama ni bando.

Wengi hawajiulizi kwa nini video mbili za dakika moja, zilizopigwa kwa simu ileile, zinaweza kutofautiana sana kwa ukubwa. Jibu kwa sehemu kubwa liko katika mwendo wa vitu vinavyoonekana ndani yake.

Tuanze na hesabu. Video ya ubora wa chini yenye nukta 640 kwa 360 ina nukta 230,400 katika kila picha. Kila nukta ikichukua baiti 3, na picha zikiwa 25 kwa sekunde, dakika moja tu ingekula takriban gigabaiti 1. Kwa hesabu hiyo hakuna mkulima ambaye angemudu kutuma video.

Kinachotuokoa ni kwamba picha zinazofuatana hufanana. Programu ya kubana video huigawa picha katika miraba midogo. Badala ya kutuma mraba mzima upya, hueleza kwamba mraba huu ni uleule wa picha iliyotangulia, ila umesogea kidogo kulia. Halafu huongeza tofauti ndogo iliyobaki. Ni kama mwenye duka anayeandika bidhaa zilizoingia na zilizotoka tu, bila kuhesabu upya ghala zima kila jioni.

Utaratibu huo hufanya kazi vizuri kwa gari linalopita barabarani. Tatizo ni mwendo usio na mpangilio. Mahindi yakipigwa na upepo, kila jani hujipinda kivyake. Maji ya mfereji, moshi, kuku wanaogombania pumba na mkono unaotetemeka navyo havibashiriki kirahisi. Programu ikikosea kubashiri, tofauti ya kutuma huwa kubwa. Matokeo yake ni mawili: faili linanenepa, au, kama ukubwa wake umewekewa kikomo, picha inavunjikavunjika na kiwavi uliyetaka mtaalamu amwone anapotea.

Kiwango cha H.264 kilichopitishwa mwaka 2003, ambacho karibu kila simu inaweza kukifungua, huchukulia kwamba mraba husogea tu: kulia au kushoto, juu au chini. H.265 ya mwaka 2013 ilileta miraba mikubwa zaidi inayogawanyika kwa njia nyingi, lakini dhana ya kusogea ilibaki ileile.

Mabadiliko yalikuja na AV1 ya mwaka 2018 na H.266 ya mwaka 2020. Viwango hivi vinakubali kwamba mraba unaweza pia kuzunguka, kuvutika au kukua. H.266 hueleza mwendo wa pembe mbili au tatu tu za mraba, kisha mashine hukokotoa yenyewe mwendo wa vipande vya nukta 4 kwa 4 vilivyomo ndani. Mara nyingi hata mwendo wa pembe hizo hukisiwa kutoka miraba ya jirani. Maelezo yanayotumwa ni machache, lakini mwendo unaoelezwa ni mgumu. Lengo la H.266 lilikuwa kupunguza data kwa takriban nusu ikilinganishwa na H.265, ubora ukibaki uleule. Hata hivyo, moshi na maji bado ni mtihani.

Kiuchumi, gharama haikufutwa bali imehamishwa. Kutafuta mwendo sahihi kunahitaji mashine ijaribu njia nyingi. Kampuni kubwa huandaa video mara moja na ikatazamwa mara nyingi, hivyo gharama hurudi. Simu ya mkulima inabana video papo hapo kwa betri yake, haina nafasi ya kutafuta sana. Kufungua video hizo nako kunahitaji simu yenye uwezo. Hata Apple iliweka kifaa cha kufungua AV1 kuanzia iPhone 15 Pro ya mwaka 2023.

Kuna pia mrabaha. Wamiliki wa hataza hudai malipo kwa matumizi ya H.265 na H.266. Kukwepa mzigo wa aina hiyo ni sababu mojawapo iliyozifanya Google, Amazon, Netflix na wenzao kuungana mwaka 2015 na kutoa AV1 iliyokusudiwa isitozwe mrabaha.

Kwa hiyo nafuu inawafikia kwanza wanaosambaza video na wenye simu mpya. Mwenye simu ya zamani anapewa kiwango cha zamani na analipa bando lilelile. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Taasisi zinazoandaa mafunzo ya wakulima zisikimbilie viwango vipya na kuwaacha walengwa nyuma. Zitoe nakala ndogo ya H.264, iliyobanwa bila haraka na kupigwa kamera ikiwa juu ya stendi. Muda wa ziada wa mashine hulipwa mara moja, lakini bando huliwa kila mkulima anapotazama.

Mkulima naye ana la kufanya leo, bila kununua simu mpya. Egemeza simu mahali imara, shika jani lisitikisike, na kwa ugonjwa wa mmea tuma picha mbili tatu za karibu badala ya video. Kwa ng'ombe, acha atembee yeye, simu itulie. Anayenunua simu mpya aulize kama inafungua AV1, lakini asiongeze fedha nyingi kwa sababu hiyo tu iwapo si mtazamaji mkubwa wa video.