Nauli ya Methadoni

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga (heroini), ilianza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ikafuata ya Mathari jijini Nairobi mwishoni mwa 2014, kisha Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Waliodai kwamba mtumiaji wa unga hawezi kudumu katika matibabu wamejibiwa na foleni za asubuhi za kliniki hizo. Lakini foleni hizo zina gharama isiyoonekana katika bajeti ya hospitali yoyote. Utaratibu uliozoeleka ni mgonjwa kunywa dawa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa mkazi wa Nungwi, kufika Kidongo Chekundu ni kuvuka zaidi ya nusu ya kisiwa kwa ajili ya dozi inayonywewa kwa dakika moja. Kibarua wa ujenzi huchagua kati ya kuwahi kliniki na kuwahi saiti. Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam zimetaja nauli na umbali miongoni mwa sababu za watu kukatiza tiba, na kukatiza tiba si jambo dogo: arosto, yaani mateso ya kukosa unga, humrudisha mtu maskani kwa watumiaji wenzake wakati mwili wake hauwezi tena kuhimili kipimo alichokizoea zamani, na kipimo hicho kinaweza kumuua. Makala hii inadai kwamba kumfikishia mtu huduma alipo, kwa dozi za kwenda nazo nyumbani na kwa simu, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ushahidi tulipewa na Korona. Machi 2020 Marekani iliruhusu kliniki kumpa mgonjwa aliyetulia methadoni ya hadi siku 28 akanywe kwake, na ambaye hajatulia vya kutosha ya hadi siku 14. Wengi waliogopa dawa ingesambaa mitaani na vifo kuongezeka. Huko Ontario, Kanada, ambako masharti yalilegezwa vilevile, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wakakuta kwamba hawakuzidiwa na dawa mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliobaki kunywea kliniki, na waliokatiza tiba walikuwa wachache zaidi. Mwaka 2024 Marekani ikaifanya ruhusa hiyo kuwa ya kudumu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mtoto. Mafunda machache ya methadoni ya mtu mzima yanaweza kumuua mtoto, na hakuna takwimu ya kumfariji mzazi aliyefikwa na hilo. Hatari hiyo inadai chupa yenye kifuniko kisichofunguka kirahisi, sanduku lenye kufuli na mafunzo kwa familia nzima. Haidai kumnyima kila mgonjwa. Kuhusu hofu ya dawa kuuzwa mitaani, tafiti za nchi kadhaa zinaonyesha kwamba wengi wanaonunua methadoni ya mtaani wanatafuta kutuliza arosto. Hao ni watu wanaohitaji kliniki na hawajaifikia.

Kuhusu simu, wenye shaka wana haki zaidi. Kanada ina laini ya simu ambayo anayetumia unga peke yake huipiga kabla ya kutumia. Mhudumu hubaki naye, na asipojibu hutumiwa gari la wagonjwa. Kwetu gari hilo mara nyingi halifiki kwa wakati, na simu ya mtumiaji leo ipo, kesho imeuzwa au imo mikononi mwa polisi. Kwa hiyo laini ya namna hiyo haina budi kumfikia kwanza mwelimishaji rika wa mtaa uleule, mwenye naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na unga, mfukoni, kwani anayeacha kupumua ana dakika chache tu. Kumbukumbu za wapigaji zisiwe ushahidi mahakamani, la sivyo hakuna atakayepiga. Na simu haitafunga kidonda wala kubadilisha sindano. Uchunguzi wa kwanza wa mgonjwa pia lazima ufanyike ana kwa ana.

Tunaloliomba kwa wizara za afya za Tanzania, Zanzibar na Kenya si kubwa. Zianze na Jumapili: kila mgonjwa aliyetulia, katika kila kliniki, aondoke Jumamosi na dozi ya kesho yake.