Tabibu na bwana mifugo wakutane hapa kwenye kata

Ng'ombe akitupa mimba hapa Marangu, habari humfikia bwana mifugo kabla jua halijazama. Mtoto wa nyumba hiyo hiyo akishikwa na homa wiki mbili baadaye, anapelekwa zahanati, na huko hakuna anayeuliza habari za ng'ombe. Nimekuwa bwana mifugo katika vijiji vya mteremko huu wa Kilimanjaro tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na jambo hili limeniuma kwa miaka mingi.

Asiyetufahamu aelewe kwanza tunavyoishi. Kihamba cha Mchaga ni migomba, kahawa, nyumba na banda, vyote pamoja. Ng'ombe wetu hawaendi malishoni; majani yanakatwa na kuletwa kichwani, mara nyingi na akina mama, mengine kutoka tambarare kule chini. Samadi inazolewa kwa mikono na kumwagwa kwenye migomba. Maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, yanapita kihamba kwa kihamba, na panya nao wanapita humo humo. Ng'ombe akizaa kwa shida usiku, baba mwenye nyumba anaingiza mkono mtupu kumvuta ndama, kisha anazoa zalio kwa mikono hiyo hiyo. Desemba watoto wanaporudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, mbuzi anachinjwa, kisusio, supu yetu ya damu, kinapikwa, na wapo wazee wanaokinga damu ikiwa bado ya moto. Maisha haya ninayapenda na sitaki mtu atuambie tuyaache. Lakini ugonjwa wa mnyama hauna safari ndefu kumfikia mtu hapa.

Na hili si hofu ya mzee mstaafu. Lilishapimwa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Madaktari waliwaandikia wagonjwa 528 kwamba wana malaria. Vipimo vya maabara vilipomalizika, walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: 40 walikuwa na homa ya mgunda, 36 homa za kupe, 24 homa ya Q, na 16 brusela, ule ugonjwa ambao sisi wa mifugo tunaujua kwa kutupisha mimba.

Tazama pia utafiti ule ulivyofanyika. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanisa, na Mawenzi, hospitali ya serikali ya mkoa, zilifungua wodi zao. Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilileta watu, taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zilitoa fedha, na sampuli nyingine zilisafirishwa hadi maabara za CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, huko Atlanta. Damu ya mkulima wa Kilimanjaro ilivuka bahari ili ijulikane anaumwa nini. Huo ndio ushirikiano wa taasisi za afya unapofanya kazi yake, nami nauheshimu kwa moyo wote. Majibu yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la kisayansi, kwa Kiingereza. Siwalaumu watafiti, kazi yao waliimaliza. Ninachouliza ni nani aliyepewa kazi ya kuyatoa majibu yale kwenye jarida na kuyaleta katika vijiji vyetu, Samanga au Mshiri, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji, kwa watu ambao ndugu zao walitoa damu ile. Kwa ninavyoona, kazi hiyo haijaandikwa kwenye majukumu ya mtu yeyote.

Matokeo yake unayaona kwenye benchi la zahanati. Mgonjwa anachomwa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, na huku juu mlimani, kwenye baridi, mara nyingi majibu ni hasi. Hapo tabibu hana kipimo kingine. Mgonjwa anaondoka ameambiwa ana taifodi na UTI, maneno ambayo siku hizi yamekuwa jina la kila homa isiyo malaria. Mama mmoja jirani yangu alizunguka hivyo miezi kadhaa, akiumwa viungo, akitokwa jasho usiku, akimeza dawa hizi na zile. Ng'ombe wake alikuwa ametupa mimba mara mbili, na mimi nilimkuta mama huyo amemzika ndama nyuma ya banda. Hospitali kubwa ilipompima, alikuwa na brusela. Ugonjwa huo unataka dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 hivi. Vidonge vya siku tano haviumalizi. Homa ya mgunda na homa ya Q, kwa upande mwingine, zinatibika kwa doksisaiklini, dawa ya bei nafuu inayopatikana kila duka la dawa. Dawa tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia tabibu kwamba banda la mama huyu lina ugonjwa.

Nchi yetu imeshaonyesha kwamba ikitaka inaweza. Julai 2022 ugonjwa ulizuka Ruangwa, mkoani Lindi: homa, kuumwa kichwa, kutoka damu puani. Watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Wataalamu walikwenda, wakapima Ebola, Marburg na UVIKO, yote hasi. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akawatangazia Watanzania kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walishafariki. Nilipoisikia taarifa ile redioni nilinyamaza kabisa, kwa sababu homa ya mgunda ilishaonekana kwenye damu za watu wa Kilimanjaro miaka 14 nyuma, na bado kwa wengi nchini jina lenyewe lilikuwa geni.

Mwaka uliofuata Marburg iliingia Kagera. Ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023, na tarehe 2 Juni ikatangazwa imekwisha. Waliougua ni 9, waliofariki 6. Kwa ugonjwa wa aina ile, kuuzima kabla haujavuka mkoa ni kazi kubwa, na walioifanya wanastahili shukrani zetu. Huko juu serikalini upo pia mfumo: tangu 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu ina Dawati la Afya Moja, linalowakutanisha wa afya ya binadamu, wa mifugo, wa wanyamapori na wa mazingira.

Sasa shuka hadi kwenye kata. Tabibu anaandika ripoti yake kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Bwana mifugo anaandika ya kwake kwenda idara ya mifugo. Wote wawili wameajiriwa na halmashauri moja, wanapanda Noah moja kwenda mjini siku ya mshahara, lakini karatasi zao zinapanda ngazi mbili tofauti mpaka wizarani, na huko juu ndiko zinakopata nafasi ya kuonana. Ng'ombe watatu wakitupa mimba kitongoji kimoja katika mwezi mmoja, tabibu atajua kwa bahati tu, labda akikutana na bwana mifugo kilabuni penye mbege.

Tusisubiri Dodoma itujengee kitu kipya. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inaweza kuagiza kwamba kila wiki tabibu na bwana mifugo wa kata wajaze fomu moja ya pamoja: homa zisizo malaria ni ngapi na zimetoka kitongoji gani, mimba zilizotupwa, mifugo iliyokufa ghafla, mbwa waliong'ata watu. Jina la mgonjwa halihitajiki, kwa hiyo siri yake haiguswi. Wapo watakaosema watumishi wamezidiwa. Ni kweli, najua kata ambazo bwana mifugo mmoja anahudumia vijiji ambavyo hawezi kuvimaliza kwa pikipiki moja isiyo na mafuta. Lakini fomu ya namna hiyo inajazwa kwa simu ya dakika kumi, nayo ingemwokolea jirani yangu miezi ya maumivu.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikia wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Hawa wanaingia majumbani. Wafundishwe kutazama bandani pia: wamuulize mwenye nyumba kama ng'ombe ametupa mimba, wamwambie achemshe maziwa, avae glovu au hata mfuko wa nailoni anapogusa zalio, na alifukie mbali na mfongo. Na kila utafiti unaopewa kibali cha kuchukua damu ya wananchi uwekewe sharti la bajeti: fedha za kurudisha majibu kwenye kata, kwa Kiswahili, kabla watafiti hawajafunga ofisi.

Limebaki la sampuli. Makohozi ya wanaopimwa kifua kikuu na damu za wanaotumia ARV tayari zinasafirishwa kutoka vituo vidogo kwenda maabara kubwa, zikiwa zimefungashwa kwa usalama. Damu ya mwenye homa isiyoeleweka ipande safari hiyo hiyo hadi Mawenzi, na ya ng'ombe aliyetupa mimba ipelekwe Wakala wa Maabara ya Veterinari, kituo cha Arusha, kwa gharama ya halmashauri na si ya mfugaji. Kutoka Marangu Mtoni mpaka Moshi mjini ni kama kilometa 40 za lami. Sampuli ikikabidhiwa asubuhi, saa sita mchana inakuwa maabara, na majibu yakitoka yatumwe siku hiyo hiyo kwa watu wawili: tabibu na bwana mifugo.