KADI YA BEBI SHAWA SIYO BILI YA MAJI (Sehemu ya 4)

Mama zangu, dada zangu wa hapa Shelui na kote mnakonifuatilia, leo tuambizane ukweli.

Bebi shawa yenyewe sina ugomvi nayo. Mjamzito akipambwa, akaimbiwa, akachekeshwa, anaingia leba na moyo mwepesi. Ugomvi wangu ni mialiko ya siku hizi.

Unaamka umeshaongezwa kwenye grupu la WhatsApp, hakuna aliyekuuliza. Mchango elfu hamsini, sare ya kitenge juu yako. Jioni inarushwa orodha: nani katoa, nani kaahidi tu. Sasa mwenzako anayeuza vitunguu pale mabasi yanaposimama, hiyo elfu hamsini ndiyo mtaji wake wote. Anajitoa kimyakimya, na kuanzia siku hiyo anakwepa hata kupita mlangoni kwa huyo mjamzito. Haya, uchungu ukianza saa nane usiku, nani atagongewa mlango? MC, au jirani mliyemfukuza kwa elfu hamsini?

Mtaniambia, "Nesi, bila kiwango watu hawatoi." Ukiweka kiwango utapata pesa, ila utapoteza watu. Na siku ya kujifungua mama anahitaji watu: wa kumsindikiza, wa kubaki na watoto nyumbani, wa kutoa damu ikihitajika. Keki haitoi damu.

Basi mwaliko uwe hivi:

1. Muulize mtu kwanza, ndipo umuongeze. Akisema hapana, usimhoji. Aliyepoteza mimba au mtoto mwambie pembeni, na umwachie nafasi ya kutokuja. Hajachukia furaha yako, kidonda chake bado kibichi.

2. Usiandike kiwango wala sare ya lazima. Andika vinavyohitajika: kanga safi, beseni, pedi, kofia na soksi za mtoto, unga wa ulezi. Mwenye kuku wa kienyeji alete kuku. Asiye na kitu aahidi kuja kufua nguo wiki ya kwanza. Hiyo ni zawadi kubwa, muulize yeyote aliyejifungua.

3. Andika wazi kwamba chupa za kunyonyeshea na maziwa ya kopo msilete. Miezi 6 ya mwanzo mtoto ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa.

4. Tarehe iwe mapema, mimba ikiwa na miezi saba hivi. Wapo watoto wanaokuja kabla ya wiki 37, wakati huo pesa yote iko kwenye ukumbi na mapambo.

5. Kabla ya kumlipa mpambaji, tengeni nauli ya mama. Kutoka hapa mpaka Kiomboi au Singida mjini siyo mwendo wa miguu. Na namba ya M-Mama, 115, ichapeni kwenye kadi yenyewe. Ni ya bure, kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Wewe mweka hazina wa grupu unayesoma hapa, usinune. Nenda kafute ile orodha ya wadaiwa leo hii, kisha mpigie yule aliyejitoa. Mwambie, "Njoo tu, tunakuhitaji wewe."

Sehemu ya 5: wageni wanaombusu mtoto mchanga. Mtumie na mwenzako.