Bwana Shamba Anasema: Usikae Kimya Siku ya Kikao

Ndugu msomaji, mwezi huu tunaweka jembe chini kidogo. Wengi wetu hapa Singida tunalima alizeti. Alizeti hiyo hukamuliwa viwandani, na humo wanafanya kazi watoto wetu na jirani zetu. Basi mambo ya kiwanda ni mambo yetu pia.

Mfanyakazi akituhumiwa kosa kubwa, haifai afukuzwe hapo hapo. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka aelezwe kosa lake, aitwe kwenye kikao cha nidhamu na asikilizwe. Apewe muda wa kujitayarisha usiopungua saa 48, yaani siku 2. Anaweza kwenda na mfanyakazi mwenzake, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, ili amsaidie.

Lakini ugonjwa haupigi hodi. Msiba nao hausubiri. Mtu ameitwa kikaoni Jumatano. Jumatatu malaria inamlaza hospitali Kiomboi, au anapata habari kuwa mama yake amefariki huko Manyoni. Afanye nini?

Wengi hukaa kimya. Husema, "Si wanajua kuwa ninaumwa?" Hapo ndipo wanapopotea. Kanuni hizo hizo zinasema kuwa mfanyakazi akikataa kufika bila sababu ya maana, kikao kinaweza kuendelea bila yeye. Mwajiri hakuoni kitandani. Anaona kiti kitupu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Omba mapema, kabla ya siku ya kikao. Kama huna nguvu ya kushika kalamu, ndugu yako aandike, nawe utie sahihi. Muda ukiwa mfupi, piga simu kwanza, barua ifuate.

2. Taja sababu na uonyeshe ushahidi. Kwa ugonjwa, ambatisha cheti cha daktari. Kwa msiba, ambatisha barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji.

3. Taja siku utakayoweza kufika. Usiseme tu "nikipona".

4. Andika nakala 2. Anayepokea barua atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Itunze.

Barua yenyewe iwe fupi, kama hii:

"Ndugu Meneja, nimepata barua ya kuniita kwenye kikao cha nidhamu cha Jumatano. Nimelazwa hospitali tangu Jumatatu. Cheti cha daktari nimekiambatisha. Naomba kikao kiahirishwe hadi Jumatano ijayo. Nitafika bila kukosa."

Ndugu msomaji, kuomba kuahirisha si kukimbia kosa. Kosa linabaki, na siku mpya ikifika lazima uende. Tena usinunue cheti cha uongo. Hilo ni kosa jingine, na litakumaliza.

Nanyi waajiri, sikilizeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yenyewe imeweka likizo yenye malipo isiyopungua siku 4 kwa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi, mume, mke, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Kama sheria inamruhusu akazike, itakuwaje ahukumiwe siku ya matanga?

Na kama mwajiri amekataa ombi la kweli, akakufukuza bila kukusikiliza? Peleka malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fanya hivyo ndani ya siku 30 tangu siku uliyoachishwa kazi. Nakala yako yenye sahihi itakuwa shahidi wako.

Walimu na watumishi wengine wa serikali wana taratibu zao za nidhamu. Hata hivyo, barua ya mapema inawafaa vile vile.

Kama una kijana kiwandani, msomee ukurasa huu. Mwezi ujao tutarudi shambani.