Bastola ipimwe pamoja na mkono unaoishika

Kati ya bastola za kizamani ambazo bado zinabebwa viunoni, chache zina jina kama GP35, ile Browning ya Ubelgiji. John Moses Browning, fundi wa Kimarekani, aliibuni kwa ajili ya kiwanda cha FN cha Herstal, akafariki kiwandani humo Novemba 1926 kabla kazi haijakwisha. Dieudonné Saive ndiye aliyeimalizia, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Ni chuma kitupu, uzito wake haufiki kilo moja bila risasi, na magazini yake inachukua risasi 13 za milimita 9 wakati bastola nyingi za siku zile zilichukua saba au nane. Imebebwa na majeshi na polisi wa nchi zaidi ya 50, Kongo ikiwamo. Sifa zake ni za haki. Ninachobisha ni ile desturi ya kuipima uwanjani kana kwamba itajifyatua yenyewe, halafu kutoa hukumu kwamba silaha ni nzuri au mbaya. Kwa mji kama Uvira, huku mashariki mwa Kongo, hukumu ya namna hiyo ni nusu ya hukumu. Kipimo kinachotufaa ni kile kinachopima chuma na aliyekishika siku moja, na majibu ya wote wawili yakaandikwa kwenye daftari moja.

Tuanze na kipimo chenyewe kilivyo. Shabaha ya karatasi inasimamishwa mita 25, mtu anapiga risasi tano polepole, kisha rula inapita kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Bastola ikilazwa juu ya mfuko wa mchanga, GP35 iliyotunzwa vizuri itaweka matundu yote mahali panapofunikwa na kiganja. Uondoe mchanga, umpe mtu asiyefundishwa, na karatasi inaweza kubaki na matundu mawili tu; tatu zimekwenda zake. Silaha ni ileile, risasi zimetoka katika boksi lilelile. Kilichobadilika ni pumzi, kidole na jicho. Bastola ndiyo ngumu kuliko bunduki zote kwa jambo hili, maana mtutu wake ni mfupi, hauna kitako cha kuegemea begani, na mkono ukitikisika kidogo tu, huko mbele kosa limekuwa kubwa. Zile za zamani zina visa vyake pia: vilengeo vidogo ambavyo jioni havionekani, na nyundo inayombana mwenye mkono mnene kati ya kidole gumba na cha shahada kila inaporudi nyuma.

Kasoro inayonivutia zaidi, hata hivyo, iko ndani. Miaka ya 1920 Wafaransa walikuwa wakitafuta bastola ya jeshi lao, na mojawapo ya masharti yao lilikuwa kwamba magazini ikitolewa, silaha isifyatuke. Kifaa cha kazi hiyo kikawekwa. Wafaransa mwishowe walichagua bastola nyingine, lakini kifaa kilibaki ndani ya GP35 kwa miongo mingi, kikisuguana na magazini na kukifanya kifyatulio kiwe kizito, ndiyo maana wapiga shabaha wengine hukingʼoa. Wazo lake linaeleweka: askari haaminiki, basi chuma kimlinde. Ubaya ni kwamba chuma hicho kinafundisha uongo. Anayetoa magazini na kubonyeza bila kusikia mlio huamini bastola haina kitu, kumbe risasi moja imekaa kimya ndani ya chemba, ikingoja magazini irudi. Mtu huyohuyo akipewa kesho Tokarev ya Kirusi au Colt ya mwaka 1911, ambazo hazina kifaa hicho, tabia aliyoizoea itamuua jirani yake mezani. Na kwetu silaha hazikuja kwa agizo moja. Zimeingia na vita vya 1964, vya 1996, vya 1998 na vya sasa, kila kundi na za kwake. Hakuna kifaa cha kiwandani kinachoweza kukaa mahali pa mazoea ya kutoa magazini, kuvuta nyuma, kutazama chemba kwa jicho na kuigusa kwa kidole. Mazoea hayo hupatikana kwa kurudiarudia mbele ya mwalimu mkali.

Kwa nini Uvira hasa? Tazama mji ulivyokaa. Kutoka Kavimvira hadi Kalundu ni ukanda mwembamba uliobanwa na milima ya Mitumba upande mmoja na ziwa upande mwingine, nyumba zimepanda mpaka kwenye miteremko. Risasi ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja ikiwa haikuzuiwa. Ukipiga kuelekea mlimani, kuna watu. Ukipiga kuelekea ziwani, kuna wavuvi wa ndagala na taa zao usiku. Hakuna upande ulio wazi. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, wanajeshi waliokimbia waliteremka hadi hapa, na wananchi wakajifungia ndani wakisikiliza milio ya watu waliodaiwa kuwa upande mmoja. Desemba mwaka huohuo waasi wa M23 wakaingia mjini. Katika misukosuko kama hiyo raia haogopi tu anayemlenga. Anamwogopa pia anayepiga bila kulenga.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: risasi zinahitajika vitani, nani atazichoma kwenye karatasi? Tufanye hesabu. Askari mmoja akipewa risasi 50 kwa mwaka, yaani boksi moja la kawaida, askari mia moja watatumia 5,000. Hiyo si mali ya kudharau, lakini angalia zinazorushwa hewani usiku mmoja wa furaha au wa hasira, bila hata tundu moja la kusomwa asubuhi. Zile za uwanjani angalau zinaacha maandishi. Mahali pa uwanja si kikwazo pia: bonde la Ruzizi ni tambarare, na tuta nene la udongo lenye urefu wa kutosha, mbali na makazi na njia za wafugaji, linazuia risasi. Koleo na mikono havijawahi kukosekana.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wengine watasema bastola ni chache, kalashi ndizo zinazoua, na kwamba kumfundisha mwenye silaha kulenga ni kunoa kisu cha muuaji. Kuhusu kalashi nakubali, na ndiyo sababu zaidi: utaratibu huohuo uziingize nazo. Lakini bastola ina hatari yake, kwa kuwa inafichwa ndani ya shati na kuingia baa, ofisini, msibani. Hoja ya kisu inaniumiza kichwa zaidi, wala sina jibu linaloifuta. Mlengaji hodari mwenye nia mbaya ni balaa. Ndiyo maana uwanja usiwe wa kila mtu. Uwe wa wale ambao sheria inawataja: polisi, jeshi, na wale wapiganaji wa kujitolea waitwao Wazalendo wanaohesabiwa katika Jeshi la Akiba la Ulinzi lililowekewa sheria mwaka 2023. Ambaye jina lake haliwezi kuandikwa kwenye daftari hana haki ya kubeba silaha kwanza, sembuse kufundishwa.

Daftari hilo si ndoto yangu. Kongo ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya 2004, na Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kutumika 2017, unadai silaha ziwe na alama na kumbukumbu zake zihifadhiwe. GP35 za zamani zimerahisisha kazi: namba imegongwa kwenye fremu, kwenye sehemu ya juu inayoteleza na kwenye mtutu, pamoja na alama za Liège zinazothibitisha kuwa silaha ilipigwa risasi yenye baruti zaidi ya kawaida kabla ya kuuzwa. Mwandishi wa daftari asome namba zote tatu kwa sauti, aandike jina la aliyeibeba, tarehe, umbali, na matundu mangapi yaliingia katika duara. Aliyeshindwa arudishe bastola ghalani hadi atakapofaulu, awe koplo au kanali. Namba zikitofautiana, bastola imeunganishwa kwa vipande vya bastola nyingine, na swali la vipande hivyo vilitoka kwa nani liulizwe papo hapo uwanjani, kabla mwenyewe hajairudisha kiunoni.